Gari haliwaki: tafuta tatizo kabla ya kuagiza spea

Gari likigoma kuwaka, watu wanaolizunguka huanza kutaja vifaa. "Betri hiyo." "Stata imekwisha." "Pampu ya mafuta, nakwambia." Hakuna aliyepima chochote. Jioni mwenye gari anatuma hela Dar es Salaam, spea inapakiwa kwenye basi, inasafiri zaidi ya kilomita 550 hadi Mtwara, inafungwa, na gari bado kimya. Duka nalo halipokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Hasara hii inawapata zaidi ndugu zetu wa wilayani, Newala, Liwale, Nanyumbu, Tandahimba, ambako fundi umeme wa magari mwenye mita yake hapatikani kila kijiji. Inaniuma kwa sababu mara nyingi ingezuilika kwa kipimo cha dakika kumi.

Kwa hiyo humu hatuagizi kitu mpaka kipimo kiseme. Utaanza na masikio, uende kwenye umeme, halafu moto na mafuta, na mwisho injini yenyewe. Mpangilio huu una sababu: kila hatua inafuta nusu ya vitu vinavyoshukiwa.

Vitu vya kuwa navyo garini

Mita ndogo ya umeme (ya kidijitali, hata ya bei ya chini inatosha), tochi, spana namba 10 na 12, msasa, brashi ya waya, kitambaa kikavu, fyuzi chache za akiba, na nyaya nene za kubustia (kuazima umeme wa gari jingine). Nimesema nene kwa makusudi. Nyaya nyembamba zinapata moto mkononi wakati wa kupiga stata (mota inayozungusha injini ili iwake), na joto hilo ndilo umeme ambao haukufika ulikokuwa unakwenda.

Kabla ya kugusa chochote vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P au huru, zima sigara. Aliyevaa kanga, kanzu au mtandio mrefu akae mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Geuza ufunguo mara moja, usikilize

Mara moja tu. Wengi hung'ang'ania ufunguo mpaka betri inaisha, na tatizo lililokuwa moja linakuwa mawili. Weka ufunguo kwenye ON kwanza utazame dashibodi: taa ya betri, ya oili na ya chek injini zinapaswa kuwaka. Kisha piga stata kwa sekunde tatu hadi tano. Hata baadaye unapoendelea kupima, usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, na uipe stata walau nusu dakika ya kupoa.

Ukisikia kimya kabisa, au mlio mmoja tu wa "tak", nenda hatua ya 2. Ukisikia "tiktiktiktik" ya haraka haraka, au injini inajivuta kwa uvivu, ni betri au nyaya zake karibu bila shaka. Nenda moja kwa moja hatua ya 3. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya siku zote lakini haishiki, betri na stata vinafanya kazi, viache. Nenda hatua ya 5 kama gari ni la petroli, ya 6 kama ni la dizeli. Ikishika sekunde moja au mbili halafu ikazima, shuku kwanza ufunguo wenye chipu, nao nimeueleza kwenye hatua ya 5.

Kuna sauti nyingine ambayo ukiisikia unaacha papo hapo. Injini inazunguka haraka kuliko kawaida, nyepesi, bila ule mdundo wake wa kupanda na kushuka. Hiyo ni dalili ya mkanda wa taimingi (unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake) kukatika, na ukiendelea kupiga stata vali zinaweza kugongana na pistoni. Toyota IST yenye injini ya 1NZ inatumia cheni, kwa hiyo kwake hili ni nadra. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo huku Kusini bado ni farasi wa kazi, inatumia mkanda. Mkanda una umri wake, na anayenunua gari hilo mkononi mwa mtu aulize ulibadilishwa lini.

Hatua ya 2: Stata imekaa kimya

Anza na mambo ya bure. Kwenye gari la otomatiki, kanyaga breki, hamisha gia kutoka P kwenda N, jaribu tena. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia ina kasoro na unaweza kufika nyumbani hivyo hivyo. Kwenye gari la manyuali kanyaga klachi mpaka mwisho, maana baadhi hayapokei stata bila hiyo. Gari la kitufe lisipotambua rimoti, huenda kibetri cha rimoti kimekufa. Gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kanyaga breki, bonyeza.

Sasa kipimo ambacho hakihitaji hata mita. Washa taa kubwa, mtu asimame mbele ya gari, wewe piga stata. Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: betri imeisha au nyaya zake zimeshika kutu. Taa zikibaki zinang'aa vile vile na stata haifanyi kitu, umeme upo ila hauifikii stata, au stata yenyewe ndiyo yenye kasoro. Ruka kwenda hatua ya 4. Na kama taa haziwaki kabisa tangu mwanzo, tazama kama waya wa betri umechomoka, kisha fyuzi kuu iliyo karibu na betri.

Kipimo hiki kifanyike kwa kila gari lililonyamaza. Ni cha sekunde kumi, na kinatenganisha betri na stata, vitu viwili ambavyo watu huku wanavichanganya kuliko vyote.

Hatua ya 3: Betri, nyaya, na chumvi ya bahari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo magari ya pwani yetu yanapokwama zaidi. Gari linalolala Shangani ya Mtwara, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko linapigwa usiku kucha na upepo wenye unyevu na chumvi. Chumvi hiyo inaingia kati ya risasi ya betri (kile kichwa chake cha kufungia waya) na kishikio cha waya, inaingia chini ya boliti inayofunga waya wa ethi (ule wa hasi unaounganisha betri na bodi na injini) kwenye bodi, na inapanda ndani ya waya kwenye ganda lake. Juu unaona waya mzima. Ndani, shaba imekuwa ya kijani. Taa za dashibodi zinahitaji umeme kidogo, zinawaka. Stata inahitaji ampea mia na zaidi kwa mkupuo, inakosa njia. Mwenye gari ananunua betri mpya, gari linawaka wiki mbili kwa sababu vishikio viliguswa vikakaa vizuri, kisha linarudi pale pale.

Pima hivi. Gari likiwa limelala tangu usiku, au baada ya kuwasha taa kubwa kwa dakika moja na kuzizima, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye risasi ya chanya, nyeusi kwenye risasi ya hasi. Volti 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa. 12.4 ni robo tatu hivi. 12.2 ni nusu. 12.0 au chini yake imeisha, ichaji kwanza, usiihukumu bado. Magari makubwa kama Fuso yenye betri mbili za mfululizo, zidisha namba hizi kwa mbili.

Mita ikiwa pale pale, mtu apige stata. Betri iliyokuwa imejaa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka hapo ilhali ilisoma 12.6, imezeeka, na sasa una haki ya kununua nyingine. Joto la huku huzeesha betri mapema kuliko nchi za baridi, kwa hiyo usishangae yako isipofikia umri ulioambiwa na mtu wa mbali.

Betri ikifaulu, pima nyaya. Ncha moja ya mita kwenye risasi ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Mita isisome zaidi ya nusu volti. Ikisoma volti moja au mbili, waya wa ethi ndio mwizi wako. Rudia kwa upande wa chanya: ncha moja kwenye risasi ya chanya, nyingine kwenye boliti nene ya stata, piga stata. Kanuni ni ile ile. Mwisho, ncha moja kwenye risasi na nyingine kwenye kishikio kilichoibana risasi hiyo hiyo. Hapo inapaswa kuwa karibu sifuri. Ningeomba kila fundi wa mkoa huu afanye vipimo hivi vitatu kabla ya kutamka neno betri.

Kusafisha ni kazi nyepesi. Fungua waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye, ili spana ikigusa bodi isirushe moto. Mwagia vishikio maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa barabara ili magadi yasiingie ndani, suuza, kausha. Sugua risasi na ndani ya vishikio kwa msasa mpaka ving'ae. Fanya vivyo hivyo kwa boliti ya ethi kwenye bodi na kwenye injini, maana hiyo ndiyo inayosahaulika. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, halafu ndipo upake grisi juu yake. Grisi inazuia unyevu usiingie tena.

Betri yenye vifuniko vya kufungua, tazama maji yake. Yakipungua mpaka sahani zinaonekana, ongeza maji ya betri ya dukani peke yake. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi na yataiua betri.

Kubusti

Magari mawili yasigusane. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, na cheche ya ncha ya mwisho isitokee juu yake. Acha gari la msaada lingurume dakika tano hivi, kisha jaribu. Ukimaliza, toa nyaya kwa mpangilio wa kinyume. Gari la volti 12 usilibusti kwa lori la volti 24. Kompyuta ya gari inaweza kuungua papo hapo.

Likiwaka, pima tena kwenye betri injini ikiwa inanguruma: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni salama. Ikibaki 12 na kitu, oltaneta (jenereta ya gari) haichaji, na betri yoyote utakayonunua itakufa vivyo hivyo. Bado wapo wanaopima oltaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Mkatalie kwa upole anayetaka kukufanyia hivyo. Umeme hupanda ghafla na unaweza kuchoma kompyuta na vifaa vya oltaneta yenyewe.

Hatua ya 4: Stata

Betri imefaulu, nyaya zimefaulu, taa hazififii. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha injini, nyekundu kwenye waya mdogo unaoingia kwenye solenoidi ya stata (swichi yake ya umeme), mtu ageuze ufunguo. Zikifika volti 10 au zaidi na stata haizunguki, tatizo ni stata. Zisipofika, stata haina kosa: fuata rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi, swichi ya ufunguo, na waya za alamu iliyofungwa mtaani. Rilei unaijaribu kwa kuibadilisha na nyingine yenye namba ile ile kwenye boksi la fyuzi, kwa mfano ya honi, kama zinafanana.

Stata yenye kasoro igonge kidogo kwa mpini wa nyundo huku mtu akigeuza ufunguo. Ikizunguka, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya stata) zimekwisha. Itakufikisha mjini, lakini usizime gari mpaka ufike. Na usiagize stata nzima haraka hivyo. Kaboni ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na mafundi stata wa Mtwara na Masasi wanazifunga vizuri. Omba yako ifunguliwe mbele yako kwanza.

Kusukuma ni kwa gari la manyuali peke yake: ufunguo ON, gia ya pili, klachi chini, likishapata mwendo achia klachi. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Hatua ya 5: Injini ya petroli inazunguka lakini haishiki

Injini ya petroli inataka moto (cheche ya plagi), mafuta na mgandamizo (hewa kubanwa ndani ya silinda), kila kimoja kwa wakati wake. Kabla ya hapo tazama taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Kwenye Toyota nyingi inamweka gari likiwa limezimwa, na inapaswa kuzimika ufunguo unapotambuliwa. Ikiendelea kumweka ukiwa ON, gari halijautambua ufunguo na halitawaka hata ubadilishe injini. Jaribu ufunguo wa akiba. Ondoa kwenye kishikizo funguo nyingine zenye chipu.

Geji ya mafuta nayo inadanganya, hasa kwenye magari yaliyozeeka. Kama una shaka, weka lita tano kabla ya kupima kingine chochote.

Mafuta. Kaa kimya, weka ON, sikiliza upande wa tanki. Magari mengi yanatoa mvumo wa sekunde mbili wa pampu. Baadhi ya Toyota haziendeshi pampu mpaka stata izunguke, kwa hiyo kutosikia mvumo si ushahidi wa kutosha. Tazama fyuzi ya pampu, badilisha rilei yake, kisha pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu wakati wa kupiga stata. Umeme ukifika na pampu haivumi, pampu imekufa. Usipofika, pampu ni nzima na shida iko kwenye njia. Hili ndilo jibu ambalo lingewaokoa wote walioagiza pampu bure.

Fyuzi iliyoungua weka ya ampea zile zile. Usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Ikiungua tena mara moja, kuna waya uliogusa bodi.

Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kujaribu sana, injini imezama mafuta. Kanyaga akseleta mpaka sakafuni uishikilie hapo, piga stata sekunde kama tano. Kwenye magari ya sindano za kompyuta, kitendo hicho kinakata mafuta na kuingiza hewa peke yake.

Moto. Chomoa soketi za nozeli (zinazonyunyizia mafuta) au fyuzi ya pampu ili petroli isimwagike. Toa koili moja (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche) na plagi yake, rudisha plagi ndani ya koili, lalisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ulilolifungua, mtu apige stata. Unatafuta cheche ya buluu yenye nguvu. Usiishike kwa mkono, ni maelfu mengi ya volti. Cheche ikikosekana kwenye koili moja, hiyo koili au plagi yake. Ikikosekana kwenye zote, usinunue koili nne. Zote haziwezi kufa asubuhi moja. Shuku fyuzi ya koili au sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Dalili yake kubwa ni gari linalozima likiwa limepata joto, tuseme baada ya kupanda kutoka Mtama kwenda Masasi na jua la saa nane, halafu linawaka lenyewe likipoa nusu saa. Ukiona hivyo, pima sensa hiyo kabla ya kitu kingine.

Moto upo, mafuta yapo, haishiki? Hapo ndipo unapopima mgandamizo na taimingi, na hiyo ni kazi ya gereji.

Hatua ya 6: Dizeli

Dizeli haina plagi za moto. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo inataka stata yenye kasi, mafuta safi, na njia ya mafuta isiyo na upepo (hewa) ndani yake. Stata inayojivuta kidogo, ambayo kwenye petroli ungeivumilia, kwenye dizeli inatosha kuzuia gari lisiwake. Rudi hatua ya 3 bila aibu.

Kule juu Newala, asubuhi za Juni na Julai zina baridi ambayo Mtwara mjini hatuijui. Injini kama 1HZ inahitaji hita plagi (plagi za kupasha joto silinda). Weka ON, subiri taa ya hita plagi, yenye mchoro wa koili, izimike, ndipo upige stata. Ikiwaka kwa shida asubuhi na kirahisi mchana, pima hita plagi moja moja.

Kama gari liliishiwa mafuta au filta imebadilishwa, limeingiza upepo. Legeza skrubu ya kutolea upepo karibu na filta, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza skrubu, endelea kubonyeza mpaka pampu iwe ngumu. Ukikuta inalegea tena baada ya saa chache, kuna mpira uliopasuka au klipu iliyolegea inayovuta hewa, mara nyingi upande wa tanki.

Toa maji kwenye filta kwa kilango chake cha chini, uyapokee kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji yanakaa chini, dizeli juu, unaona mstari. Dizeli ya madumu na mapipa, ambayo wengi tunaitegemea msimu wa korosho tukiwa mbali na kituo, inashika maji sana mvua zinapoanza. Mimina kwa kitambaa kizito, na acha kidogo kilicho chini ya dumu.

Kwenye pampu za zamani kuna solenoidi ndogo ya kuzimia, yenye waya mmoja. Isipopata umeme mafuta hayapiti kabisa. Weka ON na uchomeke waya wake: unapaswa kusikia "tak" ndogo.

Kwa injini hizo za zamani, fundi anaweza kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja kuona kama dizeli inafika. Kwa injini mpya za dizeli za kompyuta hili ni mwiko. Shinikizo mle linazidi baa 1,000, na mchirizi wake unatoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Mtu akichomwa hivyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kitundu.

Gari lililozima majini

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na hata miaka ya kawaida kati ya Desemba na Aprili kuna makorongo yanayofurika. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata. Hata mara moja. Maji hayabanwi, yakiwa ndani ya silinda, stata inaweza kupinda mkono wa pistoni, na uliyekuwa na gari lililolowa unakuwa na injini iliyokufa. Livuteni nje kwanza. Fungua boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa kavu, kausha koili, soketi na distributa (kigawa moto cha magari ya zamani) kama ipo, kisha jaribu. Filta ikiwa imelowa, toa plagi zote (kwenye dizeli, hita plagi au nozeli), zungusha injini kwa stata maji yatoke, na angalia kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, imwagwe. Usisukume gari hilo wala kulivuta likiwa kwenye gia.

Gari lililolala miezi

Msimu wa korosho magari yananunuliwa na kutembea. Msimu ukiisha mengi yanaegeshwa chini ya mkorosho. Kabla ya kuliwasha la namna hiyo, fungua boneti utafute panya. Wanapenda joto na maganda ya waya, na waya mmoja wa sensa uliotafunwa unatosha kulinyamazisha gari. Petroli iliyokaa miezi mingi inapoteza nguvu. Inuse, na ikinuka kama rangi ya zamani ikamuliwe.

Betri inayoisha kila gari linapolala siku mbili tatu ina kitu kinachoinyonya. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, subiri dakika 20 hadi 30. Chomoa waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10, uiunganishe katikati ya waya huo na risasi ya hasi, kisha subiri tena gari lilale. Usipige stata mita ikiwa hapo. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi ni redio kubwa, alamu, au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa bila mpango.

Ukikwama njiani

Kati ya Nangurukuru na Mchinga kuna sehemu ndefu bila gereji. Sukumeni gari litoke kwenye lami kabisa, weka pembetatu mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha, na usiku abiria wasikae nyuma ya gari. Gari la otomatiki lisivutwe mbali magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini; lipakiwe.

Ukimpigia fundi simu, usimwambie "gari limekufa". Mwambie sauti uliyoisikia, volti za betri ikiwa imetulia na wakati wa stata, kama taa zinafifia, kama cheche ipo, na kitu cha mwisho kilichofanyika kabla ya tatizo: mafuta yalijazwa wapi, nani alifunga redio, mvua ilinyesha lini. Akija na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kumbuka kwamba namba inayotokea inataja njia ya umeme yenye hitilafu, haijasema kifaa kipi kimekufa. Namba ya sensa ya kranki inaweza kuletwa na sensa, na vile vile na waya uliotafunwa au soketi yenye chumvi. Mwombe apime waya huo kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta, na asafishe soketi, kabla hujatuma hela ya sensa.